Leseni ya West Virginia

Chepkirui alijaza kurasa kumi na nne za fomu bila kusita. Majina ya wazazi, kila nyumba aliyolala kwa miaka kumi, kila mwajiri, kila safari ya nje ya nchi. Yote hayo alikuwa ameyaandika miaka sita nyuma alipoomba leseni ya West Virginia, na mkono ulikuwa bado unakumbuka. Kisha akafika kwenye swali la thelathini na moja na kalamu ikasimama.

*Je, umewahi kuendesha, au kusaidia kuendesha, mchezo wowote wa kubahatisha bila kibali, katika jimbo lolote?*

Alicheka kwanza. Yeye? Miaka sita anagawa karata kwenye kasino, hajawahi kuitwa ofisini hata kwa kuchelewa. Kila akitoka mezani hupiga kofi moja, hugeuza viganja juu, huionyesha kamera ya darini kwamba mikono ni mitupu. Alikuwa amezoea hivyo mpaka nyumbani. Akimaliza kukanda unga wa chapati hupiga kofi na kugeuza viganja, na dada yake Rosemary humwambia, "Hakuna kamera hapa, mama. Pika."

Halafu akamkumbuka mbuzi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Rosemary, Riverdale Park, jimbo la Maryland. Treni ya mizigo ilikuwa inapita nyuma ya nyumba na vikombe vilitetemeka mezani. Chepkirui aliweka kalamu chini akaingoja ipite. Ilikuwa ndefu.

Alihamia hapo mwezi wa tatu, ndoa ilipovunjika, yeye na binti yake Jeptoo wa miaka kumi na mitatu. Nyumba ilihama, kazi haikuhama. Leseni yake ilikuwa ya West Virginia, kwa hiyo kila siku saa saba mchana aliwasha gari na kuelekea magharibi, saa moja na nusu, ambayo barabara ikikasirika huwa saa mbili. Jeptoo alikuwa akirudi kutoka shule saa tisa na kukuta nyumba tupu, maana Rosemary ni nesi na zamu zake hazina huruma. Mama na binti waliishi kwa karatasi za kubandika kwenye friji. *Kuna githeri kwenye bakuli la kijani. Umefanya hesabu? Nakupenda.* Majibu yalikuja kwa Kiingereza, mafupi, na mwezi ule wa Agosti yalikuwa yameanza kuwa neno moja. *Fine.*

Kasino kubwa ya kando ya mto Potomac ilikuwa dakika ishirini na tano tu kutoka mlangoni. Walikuwa wanafungua meza sita za zamu ya mchana, na zamu ya mchana katika kazi ile hupewa wakongwe. Msimamizi alimtazama Chepkirui akigawa karata kwa robo saa, akasema, "Ukiwa na leseni ya Maryland kufikia tarehe mosi Oktoba, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana ni yako. Usipokuwa nayo, nampa anayefuata."

Leseni ya kawaida huchukua miezi. Huchukuliwa alama za vidole, huulizwa majirani, hufunuliwa kila karatasi ya kodi. Lakini kulikuwa na njia fupi. Mtu aliyekwisha kuchunguzwa na jimbo jingine, kwa masharti yanayolingana, Maryland inaweza kuukubali uchunguzi ule na kumsamehe huu wa pili. Inaweza, hailazimiki. Chepkirui alikuwa ameomba msamaha huo, na hiyo ndiyo fomu iliyokuwa mezani.

Kwake lilikuwa jambo la haki. Kanisa la Adelphi lilimpokea kwa barua moja tu ya mchungaji wa kule alikotoka: dada huyu ni mshirika wetu, anahama kwa amani, mpokeeni. Jumapili moja, makofi, akaketi. Ni kweli kamati ya akina mama haikumruhusu kuongoza maombi, kwa sababu ya kazi yake. Walilisema kwa upole, wakitazama viatu vyake. Lakini walimpokea. Kama kanisa laweza kuamini barua ya kanisa jingine, mbona serikali isiamini ya serikali nyingine?

Treni iliisha. Akafungua simu, akatafuta video.

Ilikuwa harambee ya miaka miwili nyuma, ukumbi wa kukodi, Adelphi, humu humu Maryland. Mwaura, dereva wa lori, alianguka akafa kwenye kituo cha mafuta huko Ohio, na mwili ulitakiwa ufike Nyeri. Watu walikuja kutoka Virginia, Delaware, Baltimore. Chepkirui alikuja kutoka West Virginia, mgeni. Vijana walirusha tukio zima moja kwa moja mtandaoni ili watu wa nyumbani waone, kama inavyofanywa katika kila harambee, na hakuna aliyeifuta.

Dakika ya arobaini na moja, Mchungaji Kuria anashika kipaza sauti. Zawadi ya bahati nasibu ni mbuzi mzima kutoka shamba moja la Frederick, na picha ya mbuzi imebandikwa ukutani. "Wa kuzungusha pipa tunaye mtaalamu!" anasema Kuria. "Chepkirui, njoo mbele!" Na huyo anakuja, blauzi ya buluu, anazikoroga tiketi kwenye pipa la plastiki kwa mikono miwili, vizuri, kama zinavyokorogwa karata kwenye meza mpya. Ndipo inasikika sauti ya mwanamume kutoka viti vya nyuma, Kiswahili cha Tanzania, taratibu:

"Samahani, dada yangu. Hii si kamari hii?"

Na Chepkirui wa kwenye video anageuka, anainua viganja vyote viwili, na kusema, "Kamari niachie mimi, kaka. Nina leseni ya West Virginia!"

Ukumbi unapasuka kwa kicheko. Kuria anashika tumbo. Hata mjane, Wairimu, amekaa mbele na leso mkononi, anacheka mpaka anajifunika uso.

Chepkirui aliitazama mara tatu. Mara ya tatu alikuwa hatazami tena pipa, alitazama uso wake mwenyewe, jinsi ulivyojiamini.

*

Jumapili baada ya ibada alimkuta Kuria jikoni mwa kanisa, amejimiminia chai. Wairimu alikuwa kwenye sinki akiosha vikombe, amewapa mgongo.

"Bwana asifiwe, Pastor."

"Amina, amina. Chai?"

Akamweleza, swali, tarehe, meza sita. Kuria alisikiliza huku akipuliza kikombe.

"Harambee si kamari, dada."

"Hawajauliza kamari. Wameuliza mchezo wa kubahatisha bila kibali. Tulikuwa na kibali?"

"Kibali cha nini? Cha kumpeleka mtu wetu nyumbani?"

"Cha mbuzi, Pastor."

Kuria aliweka kikombe chini. "Unataka nini kwangu?"

"Barua. Yenye kichwa cha kanisa. Useme bahati nasibu ilikuwa ya kanisa, mimi nilisaidia tu, sikuchukua chochote."

"Barua ya kanisa iingie faili ya kasino?" Alisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Wazee watasema nini?"

"Wazee walinunua tiketi. Wewe mwenyewe ulinunua kumi."

"Ule ulikuwa mchango wangu."

"Na mbuzi hukumtaka?"

Kuria alijaribu kuzuia kicheko kikamshinda. "Nilimtaka. Ngai wangu, yule mbuzi nilimtaka sana." Kisha akakunja uso. "Sikiza. Wewe andika hapana. Ni neno moja. Na hiyo video nitaambia vijana waifute leo. Nani atajua?"

Hilo lilikuwa rahisi kuliko alivyotarajia, na liliingia moyoni bila kubisha. Neno moja, halafu saa tisa kamili awe mlangoni Jeptoo akitoka kwenye basi la shule.

"Hiyo video msiiguse."

Wairimu alikuwa amegeuka. Maji yalimchuruzika mikononi hadi viwikoni.

"Mama ya Mwaura huifungua kila Jumapili akitoka kanisani," alisema. "Anakaa na simu mpaka iishe. Hao watu hawajui majina, anawajua kwa nguo. Wewe," alimwelekezea Chepkirui kikombe, "wewe ni yule msichana wa blauzi ya buluu. Ananiuliza kila mara, yule msichana aliyetuchekesha, ameolewa?"

"Mwambie niliolewa nikarudi," Chepkirui alisema, na wote watatu wakacheka, kicheko kifupi kilichokatika vibaya.

"Mkiifuta nitamwambia nini?" Wairimu aliuliza.

Kuria alichukua tena chai yake. Barua hakuitaja.

*

Jumatatu Chepkirui aliandika *Ndiyo*. Chini yake kulikuwa na nafasi ya maelezo, mistari sita. Rasimu ya kwanza ilijaa hasira: kwamba watu wake huzika kwa kushikana mikono, kwamba mbuzi mmoja hawezi kuitwa kasino, kwamba wanaomkataza kuongoza maombi kwa sababu ya karata ndio waliomwita kuzungusha pipa. Aliisoma akaichana. Ilikuwa nzuri, ila ilikuwa haijibu swali. Ya pili ilisema tarehe, mahali, alichofanya, na kwamba kuna video. Akaandika na anwani ya video hiyo mtandaoni.

Rosemary aliisoma akiwa amevaa sare ya kazi, ufunguo wa gari mdomoni. Akautoa.

"Wewe umerogwa? Nani huuliza swali hilo akingoja ndiyo?"

"Wameuliza."

"Na Jeptoo? Au yeye ataendelea kulelewa na friji?"

"Rosemary."

"Nauliza tu. Mimi pia ni mtu wa leseni. Huwa najibu maswali, siwaandikii ushuhuda."

Kwenye gari, akielekea magharibi, Chepkirui alimpigia mwanamume wa viti vya nyuma. Anaitwa Fahmi, dereva wa ubalozi, na namba yake aliipata kwa Wairimu. Alitaka kumwambia kwamba sauti yake itasikilizwa na wapelelezi.

"Hamna neno, dada Chepkirui," Fahmi alisema. "Siku ile nilitoa pesa kama sadaka, tiketi nikazitia mfukoni. Pipani sikuzitia. Kwetu haifai."

"Kwa hiyo uliniuliza kweli? Haukuwa utani?"

"Nusu utani. Ukicheka, nacheka. Ukifikiri, basi umefikiri." Alikohoa kidogo. "Ulicheka."

*

Mpelelezi wa ofisi ya leseni alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa na faili mbili, moja nene kutoka West Virginia, nyingine nyembamba. Alimpongeza Chepkirui kwa ile nene.

"Safi," alisema. "Ni nadra kuona hivi."

Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Alimuuliza habari za ukumbi, nani aliandaa, tiketi zilichapishwa wapi, nani alishinda. Alishinda fundi mmoja wa Columbia Heights, akaomba mbuzi achinjwe awalishe wasafiri. Mpelelezi aliandika hilo pia. Kisha akageuza kompyuta, akaipeleka video hadi dakika ya arobaini na moja, na wote wawili wakatazama pipa likizunguka. Sauti ya Fahmi ikapita. Viganja vikainuliwa. Kicheko kikajaa chumba kile chenye zulia la kijivu.

Mpelelezi akasimamisha video.

"Sielewi lugha," alisema. "Hapa wanacheka nini?"

Chepkirui alimtazama. Jengo zima lile, ghorofa zote, hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Angeweza kusema wamemcheka mbuzi. Angeweza kusema mtu aliuliza muda wa chakula. Kalamu ya yule mama ilikuwa tayari, ingeandika lolote atakalopewa, na karatasi ingelichukua na kulihifadhi kama ukweli. Kwa mara ya kwanza kwa miaka sita, jambo la leseni yake halikuwa na kamera darini. Aliangalia juu kuhakikisha. Palikuwa na taa tu.

"Mtu ameuliza kama hii ni kamari," alisema. "Mimi nimemjibu asijali, nina leseni ya West Virginia."

Mpelelezi hakucheka. Aliandika, neno kwa neno, akavaa miwani kukisoma alichoandika.

"Wakati ule uliamini leseni yako inafika Maryland?"

Hapo palikuwa na mlango mwingine, mpana kuliko wa kwanza. *Niliamini. Sikujua.* Asiyejua husamehewa.

"Hapana," alisema Chepkirui. "Nilijua haifiki. Kila mtu ukumbini alijua. Ndiyo maana walicheka."

Mpelelezi alifunga faili nene, akaweka mkono juu yake.

"Unaelewa msamaha huu unavyofanya kazi," alisema, bila ukali. "Sisi hatukuchunguzi kwa sababu West Virginia wamekwisha kukuchunguza. Tunatumia macho yao. Lakini jambo hili hawakuliona. Itabidi niwaandikie."

"Watanifuta?"

"Sijui. Mimi ninajua kazi yangu tu. Ninaandika ulivyosema."

Chepkirui alisimama. Bila kufikiri alipiga kofi moja na kugeuza viganja juu. Mpelelezi aliitazama mikono ile, akaelewa, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo.

*

Barua mbili zilikuja wiki moja, mwishoni mwa Septemba. West Virginia walimwandikia onyo, aya mbili, litakaa kwenye faili, leseni inabaki. Maryland waliandika kwamba msamaha wa uchunguzi haukutolewa, ila ombi halikukataliwa. Litapita njia ya kawaida. Njia ya kawaida haikuwa na tarehe.

Alimpigia mwenyewe msimamizi wa kasino ya kando ya mto, hakutaka yule bwana asikie kwa mtu mwingine. "Inasikitisha," alisema msimamizi. Tarehe mosi Oktoba zamu ya mchana ikaenda kwa anayefuata.

Jumapili hiyo, siku yake ya mapumziko, alikaa na Jeptoo kwenye ngazi za mbele akamweleza kwa nini mama bado ataondoka saa saba. Hakuficha chochote. Jeptoo aliomba kuiona video. Waliitazama vichwa vimegusana, na mtoto ambaye Kiswahili hukijibu kwa Kiingereza hakuhitaji kutafsiriwa. Alicheka mahali pale pale ukumbi ulipocheka.

"You could've said anything," alisema.

"Ningeweza kusema lolote, ndiyo."

Jeptoo aliirudisha video nyuma, akaitazama tena ile sehemu ya viganja. Kesho yake kwenye friji palikuwa na karatasi yenye mistari mitatu, na mmoja ulimuuliza kama Jumapili ijayo wanaweza kupika chapati pamoja. Chepkirui aliikunja akaiweka kwenye pochi, nyuma ya leseni.

Karatasi hiyo haikumrudishia zamu ya mchana. Alijua hivyo kila siku saa saba akiwasha gari, na alijua zaidi saa tisa, akiegesha gari nje ya kasino, jua usoni, anapokadiria kwamba basi la shule sasa linasimama kwenye kona. Kulikuwa na siku alijuta. Alijuta kwa sauti, madirisha yamefungwa, akimtukana mbuzi, akimtukana Kuria, akimtukana msichana wa blauzi ya buluu kuliko wote.

Katikati ya Novemba, saa saba kasoro dakika kumi, simu ililia akiwa na ufunguo mkononi. Alikuwa Kuria.

"Chepkirui, kuna msiba. Mtoto wa akina Ochieng, yule wa chuo. Wazazi wanataka azikwe nyumbani."

"Jamani. Pole zao."

"Tunafanya harambee. Na bahati nasibu." Alisita. "Safari hii nimekwenda kaunti kuomba kibali. Mwenyewe. Wamenipa fomu."

Chepkirui aliegemea gari. "Vizuri, Pastor."

"Si vizuri, fomu yenyewe ni ndefu. Wanataka jina la atakayezungusha pipa."

"Langu usiandike. Mimi bado nachunguzwa."

"Nimeandika langu." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Hapo hapana shida. Nimekwama mbele kidogo, ukurasa wa pili. Ngoja nikusomee." Akasoma kwa Kiingereza, taratibu, kwa ile sauti yake ya mimbari: kama mwombaji, au chama anachokiwakilisha, amewahi kuendesha mchezo wa kubahatisha bila kibali.

Treni ya mizigo ilianza kusikika mbali. Chepkirui alitazama saa. Alikuwa na dakika nane.

"Upo?" Kuria aliuliza.

"Nipo. Hilo swali nalijua."

"Sasa niandike nini?"

Alifungua mlango wa gari, akakaa kwenye kiti, miguu ikiwa bado nje.

"Una kalamu, Pastor?"